Marimba, kinanda, ukulele, filimbi, ngoma au fidla: mtoto mdogo aanze na kipi nyumbani?

Mzazi anayetaka mtoto wake wa miaka minne au mitano aanze kupiga ala ya muziki nyumbani hupewa ushauri wa aina mbili. Muuza duka humwambia achukue kinanda chenye taa na midundo mia moja. Jirani anayejua muziki humwambia asubiri mtoto akue, afike angalau darasa la pili. Mimi nafundisha watoto wa umri huo, wengi wao sebuleni kwao, na sikubaliani na yeyote kati ya hao wawili. Umri si kikwazo, na wingi wa midundo si sifa. Swali la kuanza nalo ni hili: mtoto asiyejua chochote akikishika chombo, ni nani anayehakikisha kwamba sauti inayotoka ni sahihi? Ni chombo chenyewe, ni mzazi, au ni mtoto?

Kwenye kinanda, chombo ndicho kinachohakikisha. Ukibonyeza do inatoka do, hata ukibonyeza kwa kiwiko. Marimba ya vidole ni hivyohivyo, mradi vyuma vyake vimepangwa sawa. Ukulele inamtegemea mzazi, kwa sababu kila siku kabla ya kupiga lazima mtu mzima akaze nyuzi. Filimbi inategemea pumzi ya mtoto. Fidla inategemea mkono wa kushoto, mkono wa kulia na sikio kwa pamoja. Ngoma haina do wala re, kwa hiyo yenyewe ina maswali yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu sikio la mtoto wa umri huu linakomaa kwa kile linachosikia kila siku. Ukulele iliyolegea nyuzi, ikipigwa sebuleni miezi mitatu bila mtu kuikaza, inamzoesha mtoto sauti zilizopinda, na yeye hana namna ya kujua kwamba zimepinda. Nyumba isiyo na mtu mzima anayeweza kusikia tofauti hiyo inahitaji ala inayoshika sauti yenyewe. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo, labda mama anayeimba alto kwaya au mjomba mpiga gitaa, ina uwanja mpana zaidi wa kuchagua.

Nikilazimika kutaja jibu mapema: mtoto wa miaka mitatu hadi mitano ningempa marimba ya vidole, na ngoma ndogo au kayamba pembeni. Kuanzia mitano au sita ningemwekea kinanda. Ukulele ningeipeleka kwa nyumba inayopenda kuimba. Filimbi ningeisubirisha hadi miaka saba. Fidla ningeinunua pale tu ambapo mwalimu yupo karibu.

Marimba na kinanda

Hawa ndio washindani wa kweli, na ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Marimba ya vidole tunaijua: kibao au kisanduku cha mbao, juu yake ndimi za chuma zimebanwa, unazipiga kwa vidole gumba. Wagogo wa Dodoma wana ilimba yao, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Ile inayouzwa madukani na mtandaoni kwa jina la kalimba inatokana na kazi ya Hugh Tracey, aliyeanza kuitengeneza kwa biashara Afrika Kusini katika miaka ya 1950 kwa kufuata ala za namna hii alizozikuta katika safari zake. Inayopatikana zaidi siku hizi ina vyuma 17, na imepangwa kwa do-re-mi ya kinanda.

Mwangalie mtoto wa miaka minne akiwa nayo. Ameketi mkekani, kisanduku kipo mapajani, gumba la kulia linateremka kwenye chuma, kinalia. Hahitaji kutenganisha vidole kumi, jambo ambalo kwa umri wake bado ni gumu. Akiteleza akagusa chuma cha jirani upande uleule, sauti mbili zinatoka pamoja na zinaelewana, kwa sababu ala hii imepangwa hivyo: vyuma viwili vinavyopakana upande mmoja havifuatani kama do na re, vinarukana kama do na mi. Kosa lake linageuka kuwa wimbo. Sijaona ala nyingine inayomsamehe mtoto kiasi hicho.

Tena inamfundisha kwa macho. Chuma kirefu kinatoa sauti nene, kifupi kinatoa sauti nyembamba. Ukikigonga kiingie ndani kidogo, ile sehemu inayotetemeka inafupika na sauti inapanda; ukikivuta kitoke, inashuka. Zile za madukani huja na kinyundo kidogo kwa kazi hiyo. Mfanyie mtoto jambo hili mbele yake mara moja, umwache asikilize chuma kikipanda polepole mpaka kikutane na sauti unayoimba. Ndani ya kinanda cha umeme hakuna kitu cha kuona, umeme ndio unaofanya kazi yote.

Sauti yake ni ndogo. Mdogo wake aliyelala chumba cha pili hataamka, na jirani wa ukuta mmoja hatabisha hodi. Haina waya wala betri. Inaingia kwenye mkoba wa shule na kwenda kwa bibi likizo.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Kwenye hiyo ya vyuma 17, do nene iko katikati, re iko kushoto kwake, mi iko kulia, fa kushoto tena, sol kulia. Ngazi ya sauti inapanda kwa kupishana huku na huku. Mtoto anaizoea haraka, lakini siku akihamia kwenye kinanda mpangilio huo haumsaidii, anaanza upya kujifunza njia. Pia ngozi ya vidole gumba inauma mwanzoni. Dakika kumi zinatosha, na usimkate kucha za gumba hadi kwenye nyama.

Kuna jambo moja la kuwa makini nalo ukinunua kwa fundi badala ya dukani. Ilimba ya Kigogo ina ngazi yake ya sauti ambayo hailingani na ya kinanda. Haijaharibika, na usijaribu kuirekebisha ifanane na kinanda. Kama nyumbani kuna mzee anayezijua nyimbo za Kigogo, hiyo ndiyo ala bora kuliko zote nilizozitaja hapa, kwa sababu mtoto atapata sauti na nyimbo zake kwa pamoja kutoka kwa mtu wake. Kama mtoto anaimba Jumapili akisindikizwa na kinanda, na nyumbani hakuna mwenye nyimbo hizo, mchukulie ile ya vyuma 17, vinginevyo ala mbili zitagombana masikioni mwake.

Sasa kinanda. Nguvu yake kubwa ni kwamba kila kitu kimelala wazi: kushoto sauti nene, kulia sauti nyembamba, hakuna kupishana. Mikono miwili ina kazi mbili, na siku mtoto akitaka kusoma noti, iwe za mistari mitano au za solfa ambazo wanakwaya wetu wanazijua, vitufe viko tayari mbele yake kama ramani. Hakuna ala inayofungua milango mingi ya baadaye kama hii. Anayejua kinanda atahamia gitaa, marimba au uimbaji akiwa tayari anajua sauti zinavyokaa.

Ukubwa una maana. Piano kamili ina vitufe 88. Kinanda cha vitufe 61 kinamtosha mtoto kwa miaka kadhaa, ilimradi vitufe vyenyewe ni vya upana wa kawaida. Vile vidogo vya vitufe 32 au 37 vyembamba vinavutia kwa bei, lakini mkono unazoea upana usio wa kweli, na vingi vya rangi rangi vinavyouzwa kama midoli haviwezi kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Jaribu dukani: bonyeza vitufe vitatu pamoja. Ikisikika sauti moja tu, kirudishe rafuni. Halafu bonyeza kitufe kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Kikitoa sauti ileile mara zote mbili, mtoto hatajifunza kupiga kwa upole na kwa ukali, na huo ni nusu ya muziki wenyewe.

Adui mkubwa wa kinanda cha umeme ni kile muuza duka anachokisifia. Midundo ya ndani na nyimbo za maonyesho. Mtoto anagundua ndani ya dakika mbili kwamba kitufe kimoja kinatoa bendi nzima, na kuanzia hapo anacheza disko, hapigi. Simlaumu, ningefanya hivyohivyo. Mwezi wa kwanza funika sehemu ya juu yote kwa kitambaa au karatasi ngumu, ibaki swichi ya kuwashia na vitufe vyeupe na vyeusi peke yake.

Na anza na vyeusi. Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote. Vitufe vyeusi vimekaa makundi ya viwili na vitatu, na ukipiga hivyo tu unapata ngazi ya sauti tano ambamo hakuna sauti inayogongana na mwenzake. Mzazi anakaa kushoto, anachagua viwili: cha kwanza katika kundi la vitatu na cha kwanza katika kundi la viwili. Anapishanisha polepole, hiki, kile, hiki, kile. Mtoto anakaa kulia na kupiga vyeusi vyovyote anavyotaka. Kila anachopiga kinapendeza. Mzazi ambaye hajawahi kugusa kinanda maishani anaweza kufanya hivi leo jioni, na mtoto atasikia kwamba anapiga pamoja na mtu mzima, si kwamba anafundishwa.

Mambo madogo ya kinanda: viwiko viwe usawa wa vitufe, kwa hiyo mto juu ya kiti mara nyingi unahitajika, na miguu isining'inie, iweke juu ya kigoda. Vinanda vingi vidogo hukubali betri pamoja na umeme wa ukutani, nalo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa, maana umeme ukikatika saa ya mazoezi mara tatu mfululizo, mazoea yanakufa. Vipokea sauti vya masikioni sivipendelei kwa mtoto mdogo. Punguza sauti ya spika badala yake, wewe nawe usikie anachopiga.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili? Marimba inashinda kwa mtoto ambaye bado hawezi kukaa kitini dakika kumi, kwa nyumba ndogo, na kwa bei. Kinanda kinashinda pale mtoto anapoweza kutumia kidole kimoja kimoja, na pale wazazi wanapotaka kitu kitakachomfikisha sekondari. Ukiweza vyote viwili, kimoja baada ya kingine, mpangilio ndio huo.

Ukulele

Wengi hufikiri ukulele ni gitaa la kuchezea. Ni ala kamili. Ilizaliwa Hawaii kutokana na gitaa dogo lililoletwa na Wareno wa Madeira waliofika huko mwaka 1879. Ndogo kabisa, soprano, ina urefu wa takriban sentimita 53, nyuzi nne, na nyuzi hizo ni za nailoni, hazikati vidole kama za chuma. Gitaa la kawaida kwa mtoto wa miaka mitano ni mateso: shingo nene, nyuzi sita, na mkono haufiki.

Faida yake kubwa ni kwamba mtoto anaweza kuimba huku akipiga. Kidole kimoja cha pete kwenye uzi wa chini kabisa, kibao cha tatu, yaani nafasi ya tatu ya shingo, nyuzi zote nne zikikwanguliwa, tayari ana usindikizaji wa do. Kidole kimoja pengine, ana wa pili. Kwa hizo mbili tu nyimbo kadhaa za michezo ya watoto zinasindikizika. Marimba na kinanda humchukua mtoto muda mrefu zaidi kufika pale ambapo anaimba na kujisindikiza.

Lakini nirudie lile la mwanzo: nani atakaza nyuzi? Nyuzi mpya za nailoni hunyooka siku za mwanzo na kushuka kila baada ya nyimbo chache. Programu za simu za kukazia nyuzi zipo za bure na zinafanya kazi vizuri, ila lazima mtu mzima azitumie kila siku bila kuchoka. Kama unajijua kwamba hutafanya hivyo, achana nayo. Epuka zile za plastiki za rangi zilizo kwenye mifuko ya midoli. Vishikio vyake vinateleza na hazishiki sauti hata wimbo mmoja.

Na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na kote pwani: joto na unyevu hufungua gundi ya ala za mbao za bei nafuu. Usiiache ndani ya gari wala dirishani kwenye jua.

Filimbi ya shule

Rekoda ya plastiki ndiyo yenye bei ndogo kuliko ala zote za sauti nilizozitaja, inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na haivunjiki kirahisi. Kwa nini basi naisubirisha? Vidole vya miaka mitano havizibi matundu vizuri, na tundu likivuja hewa kidogo tu ala inapiga ukelele. Mtoto akisikia ukelele hupuliza kwa nguvu zaidi, na ukelele unazidi. Inataka pumzi ndogo, ya mtu anayepuliza mvuke wa chai bila kuimwaga. Mtoto wa miaka saba anaelewa hilo.

Akifika, anaanza na mkono wa kushoto peke yake, noti tatu za juu, ambazo mkono mmoja unazitosha. Wakati wa kununua angalia alama nyuma ya ala: mara nyingi B kwa mpangilio wa vidole wa Baroque na G kwa wa Kijerumani. Wa Kijerumani unaonekana rahisi mwanzoni, lakini unamkwamisha baadaye kwenye noti nyingine. Chukua B.

Tarumbeta na ala nyingine za shaba ziache kabisa hadi meno ya mbele ya utu uzima yatakapokuwa yameshaota na kukaa imara.

Ngoma na kayamba

Hapa wazazi hukosea kwa kuidharau, wakiona ni kelele tu. Mdundo ndio msingi, na mtoto anayeshika mdundo atajifunza ala yoyote kwa haraka zaidi. Pwani tunazo ala zinazomfaa mtoto tangu zamani: kayamba la mabua lenye mbegu ndani, manyanga, dufu la maulidi, chapuo. Kayamba kwa mtoto wa miaka mitatu ni kamili, linalia hata akilitikisa ovyo, na kulitikisa kwa mpangilio kunamtaka asikilize.

Siri ni moja. Mtoto mdogo ana mwendo wake, na mara nyingi ni wa kasi kuliko wako. Usimlazimishe akufuate. Mfuate wewe kwanza, piga kama anavyopiga, na akishagundua kwamba mnakwenda pamoja, punguza mwendo taratibu uone kama atakuja nawe. Siku akija, furaha inayoonekana usoni kwake haihitaji maelezo.

Kwa nyumba za kupanga, ngoma ya ngozi ni tatizo. Sauti nene hupita ukutani. Dufu dogo au kayamba lina sauti nyepesi zaidi, na saa ya mazoezi iwe jioni mapema, si mchana wa Jumapili watu wamelala. Ngozi ikilegea kwa unyevu iweke juani kwa muda mfupi, usiisahau huko, ikikauka kupita kiasi inapasuka.

Ngoma haimpi nyimbo. Ndiyo maana naiweka pembeni ya marimba au kinanda, si badala yake.

Fidla

Fidla ndiyo ala ngumu kuliko zote hapa, na wakati huohuo ndiyo yenye utaratibu mzuri zaidi wa kuwaanzisha watoto wadogo. Mjapani Shinichi Suzuki (1898–1998) alijenga njia yake juu ya wazo kwamba mtoto anaweza kujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: anasikia sana kwanza, mzazi yupo kila siku, kusoma kunakuja baadaye. Katika njia hiyo mzazi huhudhuria somo, na nyumbani ndiye anayesimamia mazoezi. Hata kama hutagusa fidla kamwe, chukua hilo la kusikia kwanza ulipeleke kwenye ala yoyote utakayochagua.

Ugumu uko wapi? Shingo ya fidla haina vibao vya kumwonyesha mtoto aweke wapi kidole. Milimita chache zikipotea, sauti imepinda. Halafu kuna ukubwa: zipo za 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4, ndipo nzima. Mtoto anapokua anabadilisha, na kila kubadilisha ni gharama. Bila mwalimu wa kumrekebisha kila wiki, mimi simshauri mzazi kuinunua.

Ila Zanzibar ni habari nyingine. Mtoto anayekulia mji ambao Ikhwani Safaa inapiga taarab tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958 anaijua sauti ya fidla kabla hajaishika. Dhow Countries Music Academy hufundisha ala za taarab papo hapo mjini. Kwa mzazi wa huko, fidla inaweza kuwa chaguo la kwanza, mbele ya kinanda, na kanuni au udi, ala nyingine za nyuzi za taarab, vikasubiri mikono ikue.

Ukienda kununua

Vitu vya mitumba si vibaya, ukijua pa kugusa. Kinanda: washa, piga kila kitufe kimoja baada ya kingine kutoka mwisho huu hadi ule, sikiliza kisicholia au kinacholia mara mbili. Angalia tundu la waya wa umeme kama limelegea, na fungua mlango wa betri uone kama kuna kutu. Marimba: piga kila chuma, kinachokwaruza bila kuimba mara nyingi kimelegea kwenye mbano wake, na fundi anaweza kukibana, lakini mbao iliyopasuka usiichukue. Tofautisha mkwaruzo huo na mlio wa pete ndogo zilizozungushwa kwenye vyuma vya marimba za kienyeji, huo umewekwa kwa makusudi. Ukulele: kaza nyuzi zote, piga dakika tano, sikiliza tena kama zimeshuka, kisha itazame kwa upande uone kama daraja linaponasia nyuzi linainuka kutoka kwenye mbao. Filimbi ya mitumba usinunue, bei ya mpya haikupi sababu.

Ikishafika nyumbani, iweke mahali mtoto anapoifikia mwenyewe, kwenye meza fupi au kona ya mkeka, bila mfuko wala kufuli. Wewe ukae naye dakika kumi za kwanza za kila siku, simu ikiwa chumba kingine.